Nyuzi Zilizofuata Koo la Bibi

Osaka, 18 Machi

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku theluji haipo hata ya dawa, na maua ya plamu yameshachanua kwenye ua wa hekalu nyuma ya nyumba yetu. Nyumba yetu, Babu! Siku kumi na sita sasa naliandika neno hilo na bado nalisoma mara mbili. Je, paa umeshalipunguzia theluji? Usipande mwenyewe, nakusihi. Mwambie Shangazi Nobuko aite mtu. Goti linaendeleaje? Figili za chumvi zimekubali mwaka huu?

Sisi hatujambo. Hatujambo kupita kiasi. Ryuhei akiamka, nywele zake zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, nami nakaa namtazama mpaka chai inapoa. Anasema, "Wewe, utachelewa kazini." Namjibu, "Na nichelewe." Nisamehe Babu, najua hupendi mambo haya kwenye barua, lakini nimwandikie nani mwingine?

Harusi ilipendeza. Nilivaa kimono cha Bibi, kile chenye picha za korongo. Kiti chako tulikiacha wazi, na sahani yako mbele yake. Ulipofika wakati wa wimbo wa heri, ule ambao kwetu hupigwa na mzee wa nyumba, mshereheshaji alisita, akakitazama kiti, kisha akaweka santuri. Ulisema ilikuwa lazima upogoe. Najua matufaha hayangoji mtu. Nimeelewa kabisa.

Shamisen uliyonipa, na nyuzi zake tatu na ngozi yake iliyowambwa, nimeitundika ukutani, mkabala na gitaa la Ryuhei. Zinatazamana siku nzima kama sisi tunavyotazamana. Kila anayeingia anasema ni pazuri mno.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kundi la Ryuhei hupiga roki, na nyimbo zao ni zile za kwenye gemu za video, ambazo wanazipika upya kwa gitaa, besi na ngoma. Tarehe saba Oktoba watapiga kwenye ukumbi mmoja pale Nipponbashi, kisha watatoa diski. Safari hii wanataka shamisen ndani yake. Si shamisen yoyote. Ryuhei alisikia kaseti yako moja niliyokuja nayo, akakaa sakafuni kama aliyepigwa na kitu. Akauliza, "Huyu ndiye babu yako? Huyu anayepiga kana kwamba anavunja mlango?"

Babu, piga nasi. Wimbo mmoja tu. Tutakuja na mashine ya kurekodi mpaka sebuleni kwako. Nina mume niliyemwomba maisha yote na nina wewe, na ninyi wawili hamjawahi kukaa kwenye chumba kimoja. Naomba mkutane walau ndani ya wimbo.

Mjukuu wako mwenye furaha,
Kozue

*

Itayanagi, 2 Mei

Kozue,

Marahaba. Theluji imeyeyuka kwenye shamba lote isipokuwa nyuma ya ghala. Maua ya matufaha yataanza wiki ijayo. Goti lipo. Figili zilizidi chumvi kwa sababu Nobuko alipima kwa macho.

Nimefurahi kwamba umeolewa na umetulia. Mwambie huyo wako akate nywele, zitanasa kwenye nyuzi.

Kuhusu wimbo, hapana. Unajua jinsi tunavyofanya. Shamisen hailinganishwi kwa mashine, inalinganishwa kwa koo la anayeimba. Akiwa juu unakaza, akiwa chini unalegeza. Miaka arobaini na moja nililinganisha kwa koo la bibi yako. Mchezo wenu huo una koo la nani? La kompyuta? Kompyuta haivuti pumzi.

Shamisen haitundikwi ukutani. Itoe leo. Irudishe kwenye mfuko wake wa karatasi na ndani ya sanduku lake.

Nimetuma matufaha ya mwisho ya ghalani. Yale yenye makunyanzi ndiyo matamu.

Tokuzo

*

Osaka, 9 Mei

Babu mpenzi,

Shikamoo. Matufaha yamefika! Ryuhei amekula manne akiwa amesimama. Halafu sanduku halikufungwa kwa kamba na kile kifundo chako kisichofunguka bila meno. Limezungushiwa utepe wa gundi, kama la dukani. Umekuwa wa kisasa, Babu! Nilicheka.

Usijali kuhusu shamisen, nitaitoa ukutani wiki hii.

Nimesoma "hapana" yako mara nyingi nikitafuta upenyo, na nadhani nimeuona. Umeuliza koo ni la nani. Ngoja nikukumbushe wimbo wenyewe. Ni wa lile gemu nililocheza nikiwa na miaka minane, majira yale Baba na Mama walipokuwa Sendai kikazi nami nikaachwa kwenu. Mtoto anabeba taa, anavuka mlima, anafika kwenye kijiji kilichofukiwa na theluji ambako hakuna mtu anayesema naye. Pale kijijini ndipo wimbo unapopigwa. Noti kumi na mbili, zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka. Nilikwama kijijini pale karibu Februari nzima kwa sababu sikujua mlango uko wapi. Wewe ulikuwa unapita na ndoo ya makaa ukisema, "Bado hujaondoka hapo? Zima hilo dude, linakula umeme." Na theluji yetu ya kweli ilikuwa imefika kwenye ukingo wa paa, hatukuona nje.

Nilipomsimulia Ryuhei mambo hayo, hakucheka. Alichukua gitaa akaupiga wimbo ule taratibu, na mimi nikalia kwenye bakuli la wali. Nadhani ndipo nilipoamua kuolewa naye, ingawa alikuwa bado hajaniuliza.

Kwa hiyo koo lipo, Babu. Ni langu, la nikiwa na miaka minane. Halitoshi?

Kozue wako

*

Itayanagi, 30 Juni

Kozue,

Marahaba. Nimechelewa. Tunapunguza matunda machanga, tawi kwa tawi, na mwaka huu nimeajiri watu wawili. Nobuko anasema ni umri. Nobuko husema mengi.

Nakumbuka kijiji chako. Nakumbuka na ndoo.

Kwa nini usipige mwenyewe? Nilikufundisha miaka tisa. Una mkono wa kushoto mzuri kuliko nilivyowahi kukuambia.

Mvua za huko zimeanza tangu mwanzoni mwa mwezi, nimesikia redioni. Barua yako ya mwisho imesema "nitaitoa wiki hii". Haikusema umeitoa. Hujanieleza ngozi ya shamisen inaendeleaje.

Tokuzo

*

Osaka, 6 Julai

Babu,

Shikamoo. Leo sina utani.

Ngozi imepasuka. Ilikuwa tarehe kumi na sita Juni, Jumamosi, tunakula chakula cha mchana. Tulisikia mlio mmoja tu, kama mtu aliyepiga kofi chumba cha pili. Nilijua kabla sijainuka. Imechanika kutoka ukingoni mpaka katikati, na unyevu wa ukuta umelegeza gundi upande mzima. Sikuitoa, Babu. Kila asubuhi nilisema kesho, kwa sababu zilipendeza zikiwa zinatazamana. Mtu mzima nimeharibu shamisen kwa mapenzi ya kijinga.

Ryuhei alikwenda nayo kwa fundi pale Tennoji. Mzee yule aliigeuza mara moja tu akauliza, "Nani aliitundika hii?" Ryuhei akasema, "Mimi." Mzee akamwambia, "Basi na wewe ukatundikwe juani." Alikubali kutukanwa kwa ajili yangu, Babu! Fundi ana kazi nyingi, hawezi kuigusa kabla ya Novemba.

Hata isingepasuka nisingepiga mimi. Nilijaribu na kundi mwezi wa nne. Mimi napiga kama mgeni anayebisha hodi. Tetsu, mpiga ngoma wetu, alisema, "Shemeji, tumekusikia, karibu ndani basi!" Wote wakacheka, hata mimi. Lakini wewe hubishi hodi.

Kwa sasa wameweka shamisen ya kompyuta. Ipo sawasawa kila mahali. Nikiisikia natoka nje kwenda kuanika nguo.

Usinikasirikie kwa kunyamaza. Au nikasirikie, lakini kwa barua ndefu. Tunakuja siku za Bon, za kuwakumbuka marehemu, kulisafisha kaburi la Bibi, utanigombeza vizuri ana kwa ana, na utamwona Ryuhei. Nimeshampima nywele. Zimefika mabegani.

Kozue

*

(Kadi ya posta)

Itayanagi, 1 Agosti

Bon hii msije. Joto ni kali. Kaburi limesafishwa. Ngozi hupasuka, ndiyo kazi yake. Babu.

*

Osaka, 21 Agosti

Babu,

Shikamoo. Natumaini joto limepungua na usiku unalala. Sisi tupo.

Hatukuja kwa sababu ulikataza, na mimi sijawahi kupitisha Bon bila kaburi la Bibi. Niliweka tufaha dirishani na uvumba kijiti kimoja. Ryuhei alipiga magoti kando yangu akamsalimia Bibi: "Naitwa Ryuhei, ni mimi niliyemchukua." Nilitamani usikie alivyosema kwa adabu.

Kisha niliketi na barua zako zote, na nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu Mei. Nilizisoma kwa kile usichosema.

Umeajiri watu wawili kupunguza matunda, wewe ambaye hukuwahi kumruhusu hata Baba aguse matawi yako. Hukuja harusini, ambako mzee wa nyumba angetazamiwa kupiga. Umetukataza kuja. Na sanduku lile. Babu, kile kifundo chako kinataka mikono miwili. Mimi niliona utepe wa gundi nikacheka.

Nilimpigia simu Shangazi Nobuko. Nilimwuliza, "Babu mkono una nini?" Akasema, "Mjukuu wake ni wewe. Muulize mwenyewe, mimi nimeapishwa." Halafu akalia.

Kwa hiyo nakuuliza. Sitaki wimbo tena. Wimbo hauna maana yoyote. Niambie tu.

Kozue

*

Itayanagi, 12 Septemba

Kozue,

Marahaba.

Ni wa kushoto. Mwaka juzi, theluji ya kwanza, nilikuwa nimeshika ngazi. Nilianguka, na nilipoamka vidole vitatu vilikuwa si vyangu. Daktari anasema ni mshipa wa kichwani. Naweza kushika tawi ila siwezi kubana uzi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa ndiyo kwanza umempata huyo wako na kila barua yako ilikuwa inarukaruka. Nilisema nisiikanyage.

Nilitaka kuja harusini. Nilikuwa nimekwisha kukata tiketi ya treni. Nikawaza watakaponipa shamisen mbele ya wakwe zako, na mimi nikae nimeishika tu kama mtoto wa mtu mwingine. Basi nikapogoa. Siku ile nilipogoa mti mmoja.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba koo lilikuwa lako. Si kweli. Wewe hukuimba, wewe ulipiga kelele.

Aliyeimba ni bibi yako. Wimbo ule wa kijiji ulipigwa ndani ya nyumba hii Februari nzima, kutwa, kwa sababu ulikuwa hujui mlango uko wapi. Ungemwingia hata paka. Mitsue akawa anauvumisha puani huku anamenya matufaha ya kukausha. Mara ya kwanza nilimwambia, "Na wewe tena?" Akaniambia, "Nyamaza wewe, lete nyuzi." Nikaleta. Nikalinganisha kwa koo lake kama siku zote. Tulipiga vile karibu kila alasiri, wewe upande ule wa mlango wa karatasi na dude lako, sisi upande huu. Hukutusikia maana ulikuwa vitani.

Alikuwa na kawaida ya kurekodi ili ajisahihishe. Kaseti hii ameiandika kwa mkono wake mwenyewe: "Siku ya theluji. Kozue ana mafua." Sijaisikiliza tangu alipokwenda, miaka sita. Juzi Nobuko alileta redio yake, tukaisikiliza pamoja. Nikaizima kabla ya mwisho.

Naituma. Ni ya huyo wako pia. Lakini kuna sharti. Asimpandishe wala asimshushe. Mitsue alikuwa haimbi kwa vipimo vya mtu.

Sanduku kalifunga Nobuko.

Babu yako,
Tokuzo

*

Osaka, 15 Oktoba

Babu yangu, babu yangu,

Shikamoo. Niliandika barua hii mara tatu nikaichana, kwa hiyo msamehe mjukuu wako aliyechelewa. Vidole vyako vitatu nimevililia. Nimemaliza. Sasa nakusimulia.

Kaseti ilipofika tuliiweka wote tukiwa tumeketi sakafuni, mimi, Ryuhei na Tetsu. Kwanza kisu kikimenya. Kisha Bibi. Babu, nilikuwa nimeisahau sauti yake! Nilidhani ninayo, kumbe niliyokuwa nayo ni picha tu. Kisha wewe ukaingia, na Ryuhei akanishika kisigino, ndicho kilichokuwa karibu.

Halafu mgogoro. Ryuhei alipima akakuta Bibi hayuko kwenye sauti yoyote ya gitaa. Yuko katikati ya mbili. Akasema kwa upole sana, "Kompyuta inaweza kumpandisha kidogo tu. Hakuna atakayejua." Nikamwonyesha barua yako. Aliisoma, akakuna kichwa, akasema, "Basi itabidi tulegeze kila kitu." Mpiga besi akang'aka: "Nyimbo zote tisa zipo juu, halafu kwa ajili ya bibi mmoja tushuke?" Tetsu akamjibu, "Ngoma yangu haina shida, ninyi wenye nyuzi teremkeni, bibi anawangoja."

Wakateremka, Babu. Magitaa mawili na besi, yote yakalegezwa mpaka yakakaa penye koo la Bibi Mitsue. Na Tetsu naye alikoma, maana Bibi hafuati saa. Kisu kikikwama kwenye kikonyo anasita, kisha anaendelea. Tetsu alijifunza kuvuta pumzi naye wiki tatu. Alikuwa anamenya matufaha hapa jikoni kwetu ili aelewe! Tumekula matufaha mpaka basi.

Tarehe saba ukumbi ulijaa, watu mia mbili na zaidi, wengi vijana wa fulana nyeusi waliocheza gemu lile kama mimi. Zilipoanza zile noti kumi na mbili walipiga yowe. Kisha wakasikia kisu. Kisha Bibi, kisha wewe unavunja mlango wako, na magitaa yote mawili yakaja nyuma yako kama theluji inayoporomoka kutoka paani. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa nimeshika pazia.

Na ulikuwa hujaniambia kilichopo mwishoni! Pale wimbo unapotulia, nyuma ya mlango wa karatasi, mtoto mwenye mafua anapaza sauti: "Babuuu! Punguzeni, mimi nakufa huku!" Na wewe unamjibu bila kuacha kupiga, "Kufa polepole, bibi yako anaimba." Ryuhei hakuikata. Ukumbi mzima ulicheka, kisha Bibi akamalizia noti zake za mwisho peke yake.

Ulikuwa ukiniambia kila mara nizime lile dude. Na kumbe kila alasiri mlikuwa mnanijibu.

Baada ya hapo Ryuhei alinikuta nimeketi juu ya sanduku la spika. Akasema, "Sasa nimekaa na babu yako chumba kimoja." Nilimpenda upya, kuanzia mwanzo.

Naambatanisha diski. Isikilize na Shangazi. Nakuuliza tena neno moja na safari hii usinijibu kwa kadi: tuje?

Kozue wako

*

Itayanagi, 20 Novemba

Kozue,

Marahaba. Matufaha yamekwisha kuvunwa. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, nyepesi. Goti linauma kama kawaida. Nobuko ametia figili chumvi na safari hii nilimsimamia.

Diski nimeisikiliza. Magitaa ya mumeo yana kelele. Nimeisikiliza mara nne. Pale kisu kinapokwama, mpiga ngoma yule anangoja. Mwambie nimemsikia.

Ya mtoto mwishoni nilikuwa nimeisahau kweli.

Nilikwenda kaburini na redio ya Nobuko. Majirani wameniona, waseme watakavyo.

Fundi wa Tennoji akimaliza ngozi, msiitundike. Ileteni kwenye mfuko wake, mkiishika magotini njia nzima. Njooni kabla theluji haijafunga barabara ya kutoka stesheni. Nywele zake nitamkata mwenyewe.

Nimetazama sana mikono yangu siku hizi. Wa kulia hauna tatizo. Bado unaangusha bachi ya kupigia nyuzi panapotakiwa. Kinachopungua ni wa kubana nyuzi tu. Wewe kaa ubavuni kwangu upande wa kushoto, karibu, kama ulivyokuwa ukikaa ulipokuwa hufikii shingo ya ala. Mimi nitapiga, wewe utabana.

Na uanze kuvumisha puani tangu kwenye treni, ili ukifika koo liwe limefunguka. Nitalinganisha kwa lako.

Babu yako